Kerneli ni Nini? Maswali ya Wanaoanza Kuhusu Kiini cha Simu na Kompyuta

Simu ya mkononi imekuwa pochi na ofisi ya wakazi wengi. Mzazi hulipia karo humo, mfanyabiashara hulipia leseni yake humo, na mkulima hupokea malipo ya maziwa humohumo. Ndani ya simu hiyo kuna programu moja ambayo haina picha yoyote kwenye skrini na ambayo hakuna anayeibofya. Hata hivyo, ndiyo inayozuia mchezo uliopakuliwa jana kusoma siri za apu ya benki. Programu hiyo huitwa kerneli.

Wanaojifunza kompyuta kwa mara ya kwanza hukutana na neno hili mapema na mara nyingi hulipita bila kulielewa. Somo hili linajibu maswali yanayoulizwa zaidi na wanaoanza, likianza na yaliyo mepesi. Mwishoni limeeleza yale ambayo kila mwenye simu au kompyuta anaweza kukagua mwenyewe nyumbani.

Kerneli ni nini hasa?

Jina lenyewe linatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kiini cha mbegu, ile sehemu ya ndani iliyozungukwa na ganda. Katika kompyuta, kerneli ni programu iliyo katikati ya programu nyingine zote na vifaa vya mashine. Vifaa hivyo ni kama prosesa inayofanya hesabu, memori, skrini, kamera, spika na antena ya mtandao.

Mfano wa karibu ni kioski cha maji. Bomba ni moja, mitungi ni mingi, na mhudumu mwenye ufunguo ni mmoja. Mteja hafungui bomba mwenyewe. Humwambia mhudumu anataka lita ngapi, naye mhudumu huangalia foleni, hufungua, hupima na kufunga. Kama kila mteja angekuwa na ufunguo wake, wenye nguvu wangejaza matangi na wanyonge wangerudi nyumbani na mitungi mitupu.

Kerneli ni mhudumu huyo. Apu haiwashi kamera yenyewe wala haiandiki kwenye hifadhi yenyewe. Huomba, na kerneli ndiyo inayotekeleza au kukataa.

Je, kerneli ni kifaa au ni programu? Inakaa wapi?

Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na watu. Fundi akiifungua simu hawezi kuona kipande kinachoitwa kerneli.

Simu ikiwa imezimwa, kerneli hulala kwenye hifadhi pamoja na picha na faili nyingine. Mwenye simu anapobonyeza kitufe cha kuwasha, programu ndogo ya kuanzishia huamka kwanza, huitafuta kerneli, huinakili kwenye memori, kisha huikabidhi mashine. Kazi hiyo hufanyika wakati skrini inaonyesha nembo ya kampuni iliyotengeneza simu. Kuanzia hapo kerneli hubaki kwenye memori hadi simu izimwe.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa hata madukani. Hifadhi ni kama ghala: vitu hubaki humo hata umeme ukikatika. Memori ni kama meza ya kazi: ni ya haraka, lakini mashine ikizimwa, kila kilichokuwa juu yake hupotea. Simu inayotangazwa kuwa na gigabaiti 64 na gigabaiti 4 ina ghala la 64 na meza ya 4. Kerneli hufanya kazi zake ikiwa juu ya meza.

Je, kerneli na mfumo endeshi ni kitu kimoja?

Hapana. Kerneli ni sehemu ya mfumo endeshi. Mfumo endeshi ni kifurushi kizima: kerneli, skrini ya mwanzo, menyu, mipangilio, kibodi na programu nyingi ndogo zinazosaidia apu kufanya kazi.

Android ni mfano mzuri. Ni mfumo endeshi wa simu nyingi zinazouzwa nchini, lakini kerneli iliyo ndani yake inaitwa Linux. Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Tarehe 25 Agosti mwaka huo, akiwa na umri wa miaka 21, aliwatangazia watumiaji wenzake wa kompyuta kwamba alikuwa akitengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka wa 2008, na ilitumia kerneli hiyo.

Kompyuta za Windows zina kerneli nyingine, inayotokana na Windows NT ya mwaka wa 1993. iPhone nazo zina kerneli yake inayoitwa XNU. Ndiyo maana apu iliyoandikwa kwa ajili ya simu ya Android haifanyi kazi moja kwa moja kwenye iPhone: mfumo unaoizunguka ni tofauti, na mhudumu wa bomba naye ni tofauti.

Simu inawezaje kucheza muziki, kupokea ujumbe na kuonyesha ramani kwa wakati mmoja?

Prosesa ya simu ya kisasa huwa na vitengo kadhaa vya kufanyia hesabu, kwa mfano vinne au vinane. Apu na kazi za ndani zinazosubiri zamu zinaweza kufika mamia. Kazi zikiwa nyingi kuliko vitengo, kerneli hugawa zamu.

Kwenye kioski halisi, mhudumu hujaza mtungi wa mtu mmoja hadi ujae, ndipo amwite mwingine. Kerneli haifanyi hivyo. Huweka kikombe kimoja kwa huyu, kikombe kwa yule, na kikombe kwa wa tatu, kisha hurudi mwanzo. Zamu moja huchukua muda mfupi sana, aghalabu sehemu chache za elfu za sekunde. Kwa kuwa mzunguko ni wa kasi, mtu anayesikiliza muziki hahisi kwamba apu yake ilisimamishwa na kurejeshwa mara nyingi katika sekunde moja.

Je, kama apu moja ingekataa kuachia bomba? Kuna saa ndani ya mashine ambayo kila mara humgutusha prosesa na kuirudishia kerneli usukani. Apu haiombwi ruhusa. Hunyang'anywa zamu, kazi yake huhifadhiwa ilipofikia, na nyingine huingia.

Kwa nini apu zilizokuwa wazi hujifunga zenyewe?

Kwa sababu meza imejaa. Kila apu inayofunguliwa huomba nafasi kwenye memori, na kerneli huigawa kwa vipande vidogo, kwa kawaida vya baiti 4,096 kila kimoja. Nafasi ikipungua sana, mfumo wa Android hufunga apu zilizokaa nyuma bila kutumiwa ili ile iliyo mbele ya macho iendelee. Mkazi akirudi kwenye fomu aliyoiacha nusu na kukuta inaanza upya, huenda hicho ndicho kilichotokea. Si lazima iwe virusi.

Kufuta picha na video kunasaidia ghala, si meza. Anayetaka simu iwe nyepesi apunguze apu zinazofanya kazi kwa pamoja, na aondoe zile asizozihitaji.

Apu mbili zinawezaje kuwa kwenye memori moja bila kusomana siri?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote kwa mtu mwenye pesa kwenye simu.

Tuchukue ploti ya vyumba vya kupanga. Kila mpangaji ameambiwa kwamba vyumba vyake vinaanzia namba moja. Mpangaji wa kwanza akisema "chumba namba tatu," na wa pili akisema "chumba namba tatu," wanazungumzia vyumba viwili tofauti. Mwenye kujua ukweli ni mlinzi, ambaye ana daftari linaloonyesha namba ya kila mpangaji inaelekea mlango gani.

Kerneli huweka daftari kama hilo kwa kila apu. Anwani inazozitumia apu si anwani halisi za memori. Prosesa huzitafsiri kwa kufuata daftari lililoandikwa na kerneli. Mchezo wa watoto ukijaribu kusoma anwani isiyo kwenye daftari lake, prosesa husimama na kuiita kerneli, na mara nyingi kerneli huufunga mchezo huo papo hapo. Hauwezi kubisha mlango wa apu ya benki kwa sababu, kwa mujibu wa daftari lake, mlango huo haupo.

Android huongeza ukuta wa pili. Kila apu inapowekwa hupewa namba yake ya utambulisho, kana kwamba ni mtumiaji tofauti wa kompyuta. Faili za ndani za apu moja hufungwa kwa namba hiyo, na kerneli ndiyo inayokagua namba kabla ya kufungua faili.

Apu huiombaje kerneli huduma?

Kuna orodha maalumu ya maombi yanayokubalika: fungua faili, soma, andika, funga, anzisha kazi mpya, tuma data kwenye mtandao, na mengine. Kerneli ya Linux ina zaidi ya aina 300 za maombi hayo. Apu haina njia halali nje ya orodha hiyo.

Mtu anapotuma picha kwa jamaa yake, mambo hufuatana hivi. Apu huomba faili ya picha ifunguliwe. Kerneli hukagua kama apu ina ruhusa. Ikiwa nayo, kerneli huchukua picha kutoka kwenye hifadhi na kuiweka kwenye memori ya apu. Kisha apu huomba data itumwe, na kerneli huikabidhi kwa kifaa cha mtandao. Mbofyo mmoja wa kidole unaweza kuzaa maombi mengi sana ya namna hii.

Ni nini kinachoizuia apu kuipita kerneli na kufika kwenye vifaa yenyewe?

Prosesa yenyewe. Imetengenezwa ikiwa na hali mbili za kufanya kazi. Katika hali ya mtumiaji, baadhi ya amri hazikubaliki, kwa mfano kubadilisha daftari la memori au kuamuru vifaa moja kwa moja. Katika hali ya kerneli, amri zote zinakubaliwa.

Apu hufanya kazi katika hali ya mtumiaji. Ikiomba huduma, prosesa hubadilika na kuingia hali ya kerneli kupitia lango moja linalojulikana, kerneli hufanya kazi iliyoombwa, kisha mashine hurudi kwenye hali ya mtumiaji. Lango hilo ndilo mpaka, na usalama wa simu unategemea mpaka huo usiwe na tundu.

Kwa nini printa hufanya kazi kwenye kompyuta moja na kukataa kwenye nyingine?

Kerneli haiwezi kujua lugha ya kila kifaa kinachotengenezwa duniani. Kwa hiyo hutumia programu ndogo za kutafsiri, ambazo mafundi huziita draiva. Kuna draiva ya printa, ya kamera, ya kadi ya mtandao na kadhalika. Kama draiva ya printa haipo, au ni ya toleo lisilofaa, kompyuta itaona kuna kitu kimechomekwa lakini haitajua namna ya kuzungumza nacho.

Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kerneli, yaani upande ule wenye mamlaka yote. Kwa sababu hiyo, mhudumu wa saiba au karani wa shule hapaswi kuchukua draiva kwenye tovuti yoyote iliyojitokeza. Aichukue kwa kampuni iliyotengeneza kifaa au kupitia masasisho ya mfumo wenyewe. Kupachika draiva ya kuokota ni kumpa mgeni ufunguo wa bomba.

Kwa nini wakati mwingine apu moja hujifunga, na wakati mwingine kompyuta nzima hufa?

Hitilafu ikitokea upande wa mtumiaji, kerneli huifunga apu husika na nyingine zinaendelea. Hitilafu ikitokea ndani ya kerneli, hakuna aliye juu yake wa kumsahihisha. Njia salama ni kusimamisha mashine yote kabla data haijaharibika. Kwenye Windows, hapo ndipo skrini ya hitilafu yenye maandishi hutokea.

Dunia ililiona jambo hili Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili ya sasisho yenye kasoro kwa wateja wake. Programu ya kampuni hiyo ilikuwa na draiva ndani ya kerneli ya Windows. Draiva ilipoisoma faili, ilijaribu kufikia sehemu ya memori isiyo yake, na kompyuta zikazimika. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zilifutwa, na hospitali na benki katika nchi mbalimbali zikakwama. Mashine nyingi zilihitaji mtu aketi mbele yake, aiwashe kwa hali maalumu na kuifuta faili hiyo kwa mkono.

Idadi hiyo ilikuwa chini ya asilimia 1 ya kompyuta zote za Windows. Haikuwa kazi ya wadukuzi. Ilikuwa faili moja yenye kasoro iliyosomwa mahali ambapo makosa hayasameheki.

Kama kerneli ina ulinzi huu wote, kwa nini watu bado wanaibiwa kupitia simu?

Kuna njia mbili kuu, na kila moja ina dawa yake.

Njia ya kwanza ni tundu ndani ya kerneli. Kerneli ya Linux ina zaidi ya mistari milioni 30 ya maagizo, na imeandikwa na binadamu. Makosa hayakosi. Mwezi wa Oktoba 2016 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina la Dirty COW, iliyokuwa ndani ya Linux tangu mwaka wa 2007. Kasoro hiyo ilimwezesha mtu mwenye ruhusa ndogo kubadilisha faili alizoruhusiwa kusoma tu, na kwa njia hiyo kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Simu za Android nazo ziliguswa. Kerneli ilirekebishwa mwezi huohuo, lakini marekebisho hayo hayakuweza kumsaidia mwenye simu mpaka yafike kwenye simu yake na kuwekwa. Dawa ya njia hii ni masasisho.

Njia ya pili haihitaji tundu lolote. Mwizi humshawishi mwenye simu amfungulie mlango. Hutuma kiungo cha apu ya "mkopo wa haraka" au "zawadi," apu hiyo hupachikwa kutoka nje ya duka rasmi, kisha huomba ruhusa ya kusoma jumbe au ruhusa ya huduma za ufikivu, ambazo ziliwekwa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Apu iliyopewa ruhusa hiyo ya pili inaweza kusoma kinachoonekana kwenye skrini na kubofya kwa niaba ya mtu.

Kerneli haitaizuia. Imeelezwa kwamba mwenye mali ameridhia, nayo hutii. Vivyo hivyo, haiwezi kumzuia mtu kumtajia namba ya siri mpigaji simu anayejifanya mhudumu wa kampuni. Dawa ya njia hii ni tahadhari ya mtu mwenyewe.

Jambo jingine la kuepukwa ni kumruhusu fundi kuifungulia simu mamlaka ya mtumiaji mkuu ili iwe na mandhari mapya au apu za bure. Mamlaka hayo yakifunguliwa, kuta kati ya apu na apu zinaweza kuvukwa na apu yoyote itakayoyapata. Baadhi ya apu za benki hukataa kabisa kufanya kazi kwenye simu kama hiyo, na zina sababu.

Kwa nini baada ya sasisho simu hutaka kuzimwa na kuwashwa tena?

Jibu limo katika ghala na meza. Sasisho likipakuliwa, kerneli mpya huwekwa kwenye ghala. Lakini inayofanya kazi wakati huo ni ile ya zamani, iliyo juu ya meza tangu simu ilipowashwa. Kwa kawaida haibadilishwi mpaka mashine iwashwe upya, ndipo programu ya kuanzishia ichukue ile mpya.

Mtu anayebofya "baadaye" kwa majuma matatu amebeba dawa mfukoni bila kuimeza.

Je, simu za kabambe nazo zina kerneli?

Ndiyo, simu ndogo za vitufe nazo zina programu ya ndani inayogawa kazi, ila ni ndogo na rahisi zaidi. Nyingi haziruhusu kupachika apu mpya, hivyo mlango mmoja wa wezi umefungwa. Menyu ya M-Pesa inayotumiwa kwenye simu hizo imo kwenye laini yenyewe. Hata hivyo, mwenye kabambe anaweza kudanganywa kwa sauti na kwa ujumbe mfupi kama mwingine yeyote. Namba ya siri ni siri kwenye simu ya aina yoyote.

Mkazi atajuaje kama kerneli ya simu yake ni ya kisasa?

Kwenye simu ya Android, mwenye simu afuate hatua hizi. Majina ya menyu yanaweza kutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni.

1. Afungue Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, kisha Toleo la Android au Maelezo ya Programu.
2. Atafute mstari wa toleo la kerneli. Ataona namba, kwa mfano inayoanza na 5.10 au 5.15.
3. Atafute tarehe ya sasisho la usalama. Kwa mtu wa kawaida, tarehe hii ni muhimu kuliko namba ya toleo.
4. Arudi kwenye Mipangilio, afungue sehemu ya masasisho ya mfumo, na kubofya kutafuta sasisho. Likipatikana, alipakue akiwa kwenye Wi-Fi kama bando ni dogo, simu ikiwa na chaji ya kutosha.
5. Akubali simu izimwe na kuwashwa upya.

Tarehe ya usalama ikiwa imepita zaidi ya mwaka mmoja na simu haipati sasisho jipya, huenda mtengenezaji ameacha kuihudumia. Simu hiyo bado inafaa kwa kupiga, kusikiliza redio na kusoma, lakini si mahali pazuri pa kuweka apu ya benki. Anayenunua simu, mpya au ya mtumba, aangalie tarehe hiyo dukani kabla ya kutoa pesa.

Kwa wenye kompyuta, Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo, marekebisho ya usalama ya mfumo huo hutolewa kwa mashine zilizosajiliwa katika mpango wa nyongeza pekee. Shule, kikundi au saiba yenye mashine za aina hiyo ina njia tatu: kuhamia Windows 11 kama mashine inakubali, kujisajili kwenye mpango huo wa nyongeza, au kuweka mfumo wa bure unaotumia Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint. Faili muhimu zinakiliwe kwanza mahali pengine kabla ya kubadilisha chochote.

Kijana anayetaka kujifunza zaidi aanzie wapi?

Linux iko wazi. Mtu yeyote anaweza kusoma maagizo yake, kuyabadilisha na kupendekeza marekebisho bila kulipa. Sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo C. Toleo la kwanza la mwaka wa 1991 lilikuwa na mistari ipatayo 10,000 tu. Leo kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya kompyuta zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux, na imekuwa hivyo tangu Novemba 2017.

Anayeanza hahitaji mashine ya bei ghali. Kompyuta ya zamani iliyowekwa Linux inatosha. Aanze kwa kujifunza kufungua dirisha la amri na kuandika uname -r, amri inayoonyesha toleo la kerneli inayofanya kazi wakati huo. Kisha aandike top, aone jinsi kazi zinavyopanda na kushuka huku kerneli ikizigawia zamu. Baada ya hapo ajifunze lugha ya C, hatua kwa hatua.

Kwa ufupi

Kerneli husimama kati ya apu na vifaa. Hugawa zamu za prosesa, hugawa memori, hukagua ruhusa na kuzungumza na vifaa kupitia draiva. Inaweza kuzitenganisha apu zisisomane siri, mradi haina tundu na mradi mwenye simu hajatoa ufunguo kwa mkono wake.

Wakazi wanashauriwa kuweka masasisho ya usalama yanapofika na kuwasha simu upya, kupakua apu kwenye maduka rasmi pekee, kusoma kila ruhusa kabla ya kuikubali, na kutomtajia mtu yeyote namba ya siri. Anayeshuku kwamba simu yake imeingiliwa aitenganishe na mtandao, atumie simu nyingine kuwasiliana na benki au kampuni yake ya simu kupitia namba rasmi, kisha aripoti kwa polisi. Visa vya mashambulizi ya mtandaoni hupokelewa pia na kituo cha kitaifa cha KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.